Meseji ya deni inapofika kwa mwalimu wa mtoto

Saa nane usiku mtoto wa miaka mitatu anachemka homa, analia, hataki hata maji. Mama yake, muuza chapati na maharage wa Mbagala, ana Sh6,000 mkononi, na hizo ni za unga wa kesho. Baba yuko safarini na lori, simu yake haipatikani. Kumgongea jirani saa hizo ni aibu, tena jirani mwenyewe bado anadai hela ya gesi ya wiki iliyopita. Kwenye simu ya mama kuna tangazo lililomfuata tangu Jumatatu: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini, bila kwenda ofisini.

Anapakua programu. Inaomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu, meseji, picha na mahali alipo. Anabonyeza “Kubali” mara nne bila kusoma, kama ambavyo karibu kila mtu hufanya. Anaomba Sh100,000. Zinaingia Sh70,000; nyingine zimekatwa kwa jina la “ada ya huduma”. Asubuhi mtoto anapelekwa kituo cha afya, anapimwa, anapata dawa. Siku ya saba mama anatakiwa kurudisha Sh110,000.

Siku ya nane, saa moja asubuhi, mwalimu wa darasa wa mtoto wake mkubwa anapokea meseji kutoka namba asiyoijua. Kuna picha ya mama huyo na maneno haya: “Huyu ni tapeli. Amekuandika wewe kuwa mdhamini wake. Mwambie alipe leo kabla hatujachukua hatua.” Meseji hiyohiyo imeshafika kwa shemeji yake, kwa mwenyekiti wa kikoba, kwa fundi cherehani na kwa muuguzi wa kliniki ambaye namba yake aliihifadhi alipokuwa mjamzito.

Mama huyu si mtu mmoja. Ni picha iliyounganishwa kutokana na malalamiko ambayo Watanzania wamekuwa wakiyatoa kwa miaka kadhaa sasa, mitandaoni, kwenye vikao vya mtaa na hata bungeni, kuhusu mikopo ya simu na ile ya mtaani. Watu waliipa jina kabla Serikali haijapata pa kuiweka: kausha damu. Wengine huiita mikopo umiza. Ni jina la kitabibu kuliko wanavyodhani waliolitunga.

Mtu anayesubiri kutukanwa kila simu inapoita anaishi kama aliyekutana na nyoka njiani, ila nyoka huyu haondoki. Mwili unamwaga homoni za hatari, adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana. Hilo linafaa kwa dakika chache za kukimbia. Linapodumu kwa wiki, usingizi unapotea, hamu ya kula inakata au inazidi, kichwa kinauma, na kwa aliye na shinikizo la damu namba kwenye mashine zinapanda. Mama anayenyonyesha anaweza kuona maziwa yanachelewa kutoka mtoto anapovuta, kwa sababu homoni inayoyasukuma hukwamishwa na hofu. Maziwa hayajakauka, yamecheleweshwa tu, lakini mama asiyejua hilo huamua kuanza kopo la maziwa ya dukani ambalo nalo linahitaji hela.

Kuna na lile lisilopimwa kwa mashine. Mgonjwa wa presha au kisukari anaruka dawa ya mwezi huu ili amalizie marejesho. Mzazi anapiga kelele kwa jambo dogo, kikombe kilichodondoka, halafu anajuta usiku. Watoto hawajui habari ya riba, ila wanajua mama anatoka nje kila simu inapoita na kurudi na macho mekundu. Baadhi yao huanza kulalamika tumbo linauma, au anayekaribia kuanza darasa la kwanza anarudia kukojoa kitandani. Mzazi anampeleka hospitali, mtoto anapimwa mkojo na choo, hakuna kinachoonekana.

Na akina baba wako humu, tena wengi. Tofauti ni kwamba mwanaume akidaiwa huwa haambii mtu. Anaanza kuchelewa kurudi nyumbani, anabadilisha namba ya simu, mkewe anahisi kuna mwanamke mwingine. Ndoa zimetikisika kwa sababu ya nyumba ndogo ambayo haikuwapo. Kilichokuwapo ni programu tatu za mikopo, moja ikilipwa kwa hela ya nyingine.

Sasa sheria inasemaje? Inasema mengi kuliko wananchi wengi wanavyojua.

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kanuni zake za mwaka 2019. Kabla ya hapo mtu mwenye mtaji na meza angeweza kukopesha jirani zake kwa riba aliyoiota. Sheria hiyo iligawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili, ambalo ndilo linalogusa habari hii, ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana za watu. La tatu ni Saccos, na la nne ni vikundi vya kijamii kama Vicoba. Anayekopesha kwa daraja la pili ni lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Kukopesha kibiashara bila leseni ni kosa la jinai, lenye faini na kifungo.

Kwa daraja hilo la pili Benki Kuu iliweka ukomo wa riba: asilimia 3.5 kwa mwezi. Namba hiyo inastahili kubandikwa ukutani karibu na kalenda. Kwa Sh70,000 alizopokea mama wa Mbagala, riba ya mwezi mzima isingevuka Sh2,450. Yeye alitakiwa kuongeza Sh40,000 kwa siku saba. Hiyo ni zaidi ya nusu ya fedha aliyoishika mkononi, ndani ya wiki moja. Ujanja wa wakopeshaji wengi ni kutokuiita riba. Wanaiita ada ya huduma, ada ya maombi, bima ya mkopo, au wanaikata mwanzoni ili mkopaji aone riba ndogo kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja tu: ninapokea shilingi ngapi, na nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla? Mkopeshaji halali anatakiwa kulijibu kabla mtu hajasaini, kueleza masharti yote na kumpa mteja nakala ya mkataba. Asiyetaka kulijibu ameshajibu.

Mikopo ya simu iliikuta sheria imelala kidogo. Agosti 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo mahsusi kwa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja la pili. Novemba mwaka huohuo ikatoa tangazo kwa umma likiwa na orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na bila kufuata mwongozo huo, ikawaonya wananchi wasiyatumie, na ikasema inashirikiana na mamlaka nyingine ili yafungwe.

Lilikuwa jambo jema, na lilichelewa. Orodha ndefu kwenye tovuti haimfikii mama saa nane usiku. Zaidi ya hapo, programu ya mkopo haina duka la kufungwa kwa kufuli. Likifungwa jina moja Ijumaa, Jumatatu linaweza kurudi jina jingine lenye rangi ileile na nembo iliyogeuzwa kichwa chini. Wengine hawamo hata kwenye maduka rasmi ya programu. Wanatuma kiungo kupitia tangazo la Facebook au kundi la WhatsApp, mtu anapakua moja kwa moja. Wahusika wanaweza kuwa nje ya nchi, na anayepiga simu za matusi ni kijana wa hapahapa aliyeajiriwa kwa kulipwa kulingana na anachokusanya. Kumfukuzia mtu wa namna hiyo kunahitaji Benki Kuu, polisi, Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni za simu wakae meza moja, na wakae kila wiki, si mara moja kwa mwaka.

Majirani wa Kenya walipita njia hii mapema kidogo. Huko mikopo ya simu ilienea haraka sana. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizizuia programu zisizosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Desemba 2021 sheria ikabadilishwa ili wakopeshaji wa kidijitali wawe chini ya Benki Kuu, na Machi 2022 kanuni zikatoka zikitaja makosa kwa majina yake: kutishia, kutukana, kuanika taarifa za mdaiwa hadharani, na kuingia kwenye orodha ya namba za simu yake ili kuwatumia watu meseji asipolipa. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nayo ikaanza kutoza faini. Septemba 2023 kampuni moja yenye programu mbili za mikopo ilitozwa Sh2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa watu wengine, kisha kuwatumia meseji na simu za vitisho.

Faini hiyo kwa kampuni kubwa ni hela ya mafuta ya gari. Lakini ilisema jambo ambalo wengi hawakulijua: namba ya simu iliyomo kwenye simu ya rafiki yako bado ni yako.

Google nayo, kwa sababu zake, ilifanya kazi ambayo Serikali nyingi zilikuwa bado zinaijadili. Tangu mwisho wa Mei 2023 programu za mikopo binafsi zilizoko kwenye duka lake haziruhusiwi kuomba picha wala orodha ya majina ya mtumiaji. Ndiyo maana programu inayoomba ruhusa hizo leo, au inayokuja kwa kiungo badala ya kutoka dukani, imeshajitambulisha yenyewe.

Tanzania haikosi chombo cha namna hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Tumrudie yule mwalimu wa darasa. Mama alibonyeza “Kubali”, sawa. Mwalimu hakubonyeza chochote. Hakukopa, hakusaini udhamini, hajawahi kuiona programu hiyo. Namba yake imechukuliwa na kutumiwa kumtishia mtu mwingine. Kwa hiyo mwenye malalamiko hapa si mama peke yake. Mwalimu, shemeji, mwenyekiti wa kikoba na muuguzi kila mmoja ana lake la kupeleka Tume, kwa jina lake mwenyewe. Mara nyingi watu hawa huishia kumpigia mdaiwa na kumgombeza: “Shemeji, umeniweka mdhamini bila kuniuliza?” Mdaiwa anaanza kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na mkopeshaji amepata alichokitaka.

Kumwita mtu tapeli na kusambaza picha yake ni suala la polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, na vituo vya polisi hupokea taarifa hizo hata kama askari wa zamu ataanza kwa kuuliza, “Kwani deni si ni lako?” Deni ni lake. Kudaiwa si kosa la jinai, na kudai si ruhusa ya kutukana. Hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana, na inafaa kumwambia askari hivyo kwa upole, huku ushahidi uko mkononi.

Ushahidi ndio unaoangusha kesi nyingi. Mtu akitukanwa kitu cha kwanza anachofanya ni kufuta, ili mtoto asione, ili mume asione. Meseji zikifutwa, kinachobaki ni neno la mama dhidi ya namba isiyopatikana. Afadhali kupiga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, kumtumia dada au rafiki anayeaminika aihifadhi, ndipo ifutwe kwenye simu ya nyumbani. Risiti za muamala nazo zitunzwe: siku fedha ilipoingia, kiasi, na kila kilicholipwa. Kwa mkopeshaji mwenye leseni, lalamiko huanzia kwake, kwa maandishi, na asiporidhisha ndipo linapelekwa dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambayo ina Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha tangu mwaka 2019. Kwa asiye na leseni hakuna haja ya kumwandikia barua. Taarifa inakwenda moja kwa moja Benki Kuu na polisi. Wapo pia matapeli wasiokopesha chochote, wanaosema “tuma kwanza ada ya kufungua mkopo”. Namba za hao hupelekwa 15040, bure.

Upande wa mtaani, ambako hakuna programu ila daftari, mambo ni mabaya kwa namna yake. Kuna wakopeshaji wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu au mstaafu pamoja na namba ya siri, na siku ya mshahara wao ndio wa kwanza kufika kwenye mashine. Mtu aliyetoa kadi na namba ya siri amekabidhi mshahara wa nyumba nzima, na hana namna ya kujua zimetolewa ngapi mpaka aombe taarifa ya akaunti. Anaweza kwenda benki, akaifunga kadi na kuomba nyingine. Wengi hawafanyi hivyo kwa kuogopa. Wanadhani kadi iliyoko kwa mdai ni mali ya mdai. Kadi ni ya benki na mteja wake.

Wengine hufika na kirikuu na vijana wanne, wakabeba televisheni, jiko la gesi, godoro. Mali iliyoandikwa kwenye mkataba kuwa dhamana ina utaratibu wake wa kuchukuliwa. Kubeba godoro la mtoto ambalo halikuandikwa popote ni jambo jingine, na la kufanya hapo si kupigana mlangoni bali kumwita mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aje aone na kuandika, kisha kwenda kituoni. Watoto waondolewe hapo kwanza, wapelekwe kwa jirani. Mtoto aliyeona kitanda chake kikibebwa na watu wasiojulikana atakikumbuka kitanda hicho muda mrefu.

Kulindwa na sheria hakumaanishi kusamehewa. Fedha halisi aliyoipokea mtu na riba halali ni vya kulipwa, na mkopeshaji mwenye leseni anaweza kwenda mahakamani na akashinda. Anayeona ameshindwa ni bora akatangulia kuomba muda, kwa maandishi, kabla ya tarehe. Kukopa programu ya pili ili kulipa ya kwanza ndiko kunakogeuza Sh70,000 kuwa deni la laki tano.

Lakini kabla ya hayo yote kuna swali ambalo yule mama hakuulizwa na mtu usiku ule: je, ilikuwa lazima akope? Kwa sera ya afya ya Tanzania, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma ni bila malipo, kama ilivyo kwa mjamzito. Kila mzazi anajua kwamba hali halisi ina mapengo. Dawa inakuwa haipo na mzazi anaandikiwa akanunue nje. Hata hivyo hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasio na uwezo na kuwaombea msamaha wa gharama. Haina bango kubwa. Mara nyingi ni mlango mwishoni mwa korido wenye foleni ndogo. Mama mwenye Sh6,000 alitakiwa kuelekezwa kwenye mlango huo na mtu wa kwanza aliyempokea, na asipoelekezwa, aulize yeye: “Samahani muuguzi, ustawi wa jamii wako wapi?” Dharura haisubiri hela; mtoto mwenye degedege au anayepumua kwa shida anapokelewa kwanza, mazungumzo ya malipo yanafuata.

Vikoba navyo vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Tatizo ni kwamba unafunguliwa siku ya kikao tu. Vikundi vilivyokubaliana mweka hazina aweze kutoa kiasi kidogo kwa simu usiku, mbele ya mashahidi wawili kwenye kundi la WhatsApp, vinamwokoa mwanachama asipakue programu. Ni marekebisho ya katiba ya kikundi, yanayopitishwa kwa kikao kimoja.

Mwalimu wa darasa, asubuhi ile, anaweza kufanya moja kati ya mawili. Anaweza kumwita mtoto mbele ya wenzake na kusema, “Mwambie mama yako anipigie, mambo yake ya madeni asiniingize.” Au anaweza kuihifadhi meseji bila kuijibu wala kuisambaza, akasubiri jioni, akampigia mama mwenyewe: “Shikamoo mama. Kuna meseji imenifikia asubuhi, nadhani imetumwa kwa watu wengi. Sijamwambia mtu. Nimeitunza na namba iliyoituma, ukienda kuripoti nitakutumia, na mimi nitaandika ya kwangu.”